Mpika pombe asage kimea chake

Mkoani Kilimanjaro mbege si kinywaji cha ngoma na harusi tu. Ni biashara inayolipa ada za watoto na kuweka chakula mezani kwa familia nyingi, na wanaoiendesha wengi wao ni akina mama. Ndizi huwa wanazo shambani, lakini ulezi mara nyingi hununuliwa sokoni, na wapo wanaoununua ukiwa tayari umeoteshwa na kusagwa.

Hapo ndipo penye hatari. Punje huonekana kwa macho: mnunuzi ataona mchanga, wadudu na ukungu, na harufu ya uvundo ataisikia. Unga huficha yote hayo. Mfanyabiashara asiye mwaminifu anaweza kuchanganya kimea kizuri na nafaka iliyooza, na mpikaji asijue hadi wateja wanapoanza kuugua.

Madhara yake yanafahamika. Januari 2015, huko Tete nchini Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi ulibaini kuwa unga wa mahindi uliotumika ulikuwa na sumu iliyozalishwa na bakteria. Mwaka 2016 hapa nchini, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu zote mbili haziondoki kwa kuchemsha, hivyo anayedhani moto wa jiko utasafisha unga mbovu anajidanganya.

Kinga iliyo karibu ni mpikaji kununua punje, kuotesha mwenyewe na kusimamia usagaji. Kazi yenyewe si ngeni. Ulezi hupepetwa, huoshwa na kulowekwa kwa siku moja hivi, kisha hutandazwa na kufunikwa hadi uchipue. Baada ya hapo huanikwa kwenye turubai safi, si juu ya udongo, mpaka ukauke kabisa. Ukiingia ukungu wakati wa kuchipua, utupwe. Anayetumia mtama afikiche na kupepeta vichipukizi na vimizizi vyote kabla ya kusaga, kwa kuwa vina sumu.

Kusaga nako kuna kanuni zake. Kwa pombe inayochujwa, unga uwe wa chengachenga, kwani ulio laini mno huziba kichujio na kupoteza kinywaji. Kisagwe kiasi cha mpiko mmoja tu, maana unga hunyonya unyevu na kuharibika upesi kuliko punje.

Wenye mashine nao wana wajibu. Mashine iliyotoka kusaga pumba za mifugo isafishwe kabla ya kupokea kimea, na nyundo zilizochakaa zibadilishwe zisije zikaacha chembe za chuma kwenye unga. Maofisa afya wa halmashauri wasiishie kukagua vilabu vya pombe. Wafike na kwenye mashine.

Mkulima wa ulezi naye atafaidika. Mnunuzi anayechagua punje kwa jicho lake atakuwa tayari kulipia zilizo safi na kavu kuliko zilizojaa mchanga. Lakini hilo litawezekana tu iwapo wapikaji wataacha kununua unga wasioujua asili yake. Faida ya debe moja la unga wa bei rahisi haiwezi kulingana na uhai wa mteja mmoja.