Kwanza Mifugo, Kisha Baiskeli

Uhispania ina sheria ya mwaka 1995 inayohusu njia za mifugo peke yake. Inatamka kwamba njia hizo ni mali ya umma: haziuzwi, hazikamatwi kwa deni, wala mtu hawezi kudai kipande chake kwa hoja kwamba amekilima miaka mingi. Kifungu cha 17 kinawaruhusu waenda kwa miguu, wapanda farasi na wenye vyombo visivyo na injini kuzitumia kwa matembezi, mradi waheshimu haki ya mifugo kupita kwanza. Toleo hili la safari za baiskeli katika nchi ya mialoni nimetaka lianzie hapo, maana masimulizi mengi ya safari hizo husifu miti, mawe na machweo, yakasahau kwamba msafiri amepita kwa hisani ya mchungaji.

Nchi yenyewe iko kusini-magharibi mwa Uhispania, hasa Extremadura na vilima vya kaskazini mwa Sevilla, ikavuka mpaka hadi Alentejo, Ureno. Wahispania huiita dehesa, Wareno montado. Ni zaidi ya hekta milioni 3 za malisho yenye miti iliyotawanyika, kwa kawaida kama 20 hadi 60 kwa hekta. Aliyezoea mbuga zetu, mgunga hapa na mgunga kule, ataitazama kwa mbali na kudhani ni pori. Ni shamba. Kila mti uliosimama umeachwa kwa makusudi na kupogolewa vizazi kwa vizazi, na chini yake watu wamelima, wamechunga na kuchoma mkaa. Wenyewe wakiondoka miaka michache tu, vichaka hufunika nyasi, na moto wa kiangazi hupata cha kula.

Mwendo wa baiskeli unafaa sana kuisoma nchi ya namna hii. Ukiwa Alentejo, tazama shina la mwaloni unaotoa gome la vizibo. Sehemu iliyobanduliwa huwa nyekundu ikiwa mbichi, kisha hukolea kuwa kahawia, na juu yake pamepakwa tarakimu moja kwa rangi nyeupe. Hiyo ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa mavuno. Mti uliovunwa 2024 umeandikwa 4, nao hauguswi tena hadi 2033, kwa kuwa sheria ya Ureno inataka miaka 9 ipite. Mavuno ya kwanza kabisa hungoja mti ufikishe kama miaka 25, na gome linalofaa kwa chupa za mvinyo hupatikana kuanzia mavuno ya tatu, mti ukiwa umepita miaka 40. Ureno hutoa karibu nusu ya gome hilo duniani, na bado hubanduliwa kwa shoka na mkono wa fundi, kwa sababu pigo moja la ovyo huujeruhi mti. Mwenye gari hawezi kuiona tarakimu ile. Mwenye baiskeli huisoma mti baada ya mti, na baada ya saa moja anajua shamba lipi linavunwa kwa zamu na lipi limetelekezwa.

Msomaji asiyekula nguruwe naye asiruke aya hii, kwani uchumi wa Extremadura umo humu. Kuanzia Oktoba, mbegu za mwaloni zinapodondoka, nguruwe weusi wa Iberia huachiwa chini ya miti. Ili nyama iuzwe kwa daraja la juu, kanuni ya 2014 inataka kila mmoja aongeze angalau kilo 46, kwa siku zisizopungua 60, akila mbegu na nyasi tu. Na hekta moja, hata iwe na miti mingi kiasi gani, isibebe zaidi ya nguruwe 1.25. Majira hayohayo ndege aina ya korongo hufika kwa maelfu kutoka Ulaya ya kaskazini, nao huzifuata mbegu zilezile. Bei ya paja moja la nguruwe lililokaushwa ndiyo inayomzuia mwenye shamba asikate miti.

Turudi kwenye njia. Mwaka 1273 Mfalme Alfonso X aliutambua rasmi umoja wa wafugaji ulioitwa Mesta, uliodumu hadi 1836. Kondoo wa merino walishuka kutoka nyanda za kaskazini kuja kula majani ya Extremadura wakati wa baridi, wakapanda tena joto lilipoingia. Njia kuu zilipewa upana wa mita 75 na ushei, na mtandao mzima unakadiriwa kilomita 125,000. Sehemu kubwa imemegwa: hapa pamelimwa, pale pamezungushiwa seng'enge, kwingine mji umejenga. Msomaji wa Kilosa au Kiteto hahitaji kuelezwa yanayofuata njia ya ng'ombe ikizibwa.

Liko wazo kwamba njia hizi zitaokolewa na utalii: zisawazishwe, zitiwe lami, mageti yaondolewe yasimsumbue mgeni. Nalipinga. Kwa starehe hiyo Uhispania ina reli zake zilizoachwa, ambazo tangu 1993 zimekuwa zikigeuzwa njia za baiskeli, mojawapo ile ya Sierra Norte ya Sevilla, ambako treni zilisomba chuma cha Cerro del Hierro. Reli ile haina tena treni ya kuipita. Njia ya mifugo bado ina mwenyewe. Kondoo akipita hupunguza vichaka, hubeba mbegu kwenye sufu na kinyesi chake, na huupa umma sababu ya kumkatalia jirani anayesogeza uzio. Tairi halifanyi lolote katika hayo. Njia ikibaki ya baiskeli tu, itakosa mtetezi siku safari hizi zitakapoacha kupendwa.

Tena tairi linaweza kudhuru. Mialoni mingi ya dehesa ni mikongwe, na miche haikui kwa sababu mifugo huila. Hilo ni deni la wafugaji wenyewe, na wenye busara wameanza kuzungushia miche kinga. Juu yake umeingia ugonjwa wa kunyauka, na mhusika wake mkuu mmoja ni Phytophthora cinnamomi, kimelea cha udongoni kinachoozesha mizizi. Husafiri na maji na tope, likiwemo tope lililoganda kwenye viatu na magurudumu. Mti uliochukua karne kukua unaweza kuambukizwa na mgeni aliyekuja kuustaajabia.

Hata hivyo nasema nendeni. Vijiji vya Extremadura vinapoteza vijana, na msafiri wa baiskeli, ambaye lazima ale na alale kila baada ya kilomita 60 au 70, huacha fedha pale ambapo basi la watalii halisimami. Nendeni Aprili au Oktoba. Julai joto hupita nyuzi 40. Mkifuata njia iitwayo Vía de la Plata, jazeni maji Carcaboso, maana hadi Aldeanueva del Camino ni karibu kilomita 40 bila duka, na katikati yake mtapita chini ya tao la Kirumi la Cáparra, limesimama malishoni. Sugueni tope kwenye tairi kabla ya kuhama shamba moja kwenda jingine. Geti mlilolikuta limefungwa, lifungeni nyuma yenu. Mkikutana na kundi, shukeni, simameni kando, na msipande tena hadi mbwa wa mwisho awe amepita.