Laini moja kila mtandao, lakini kidole chako kimesajili ngapi?

Desemba 27, 2019, Rais John Magufuli alisajili laini yake kwa alama za vidole akiwa Chato, mkoani Geita, akawaongezea siku 20 Watanzania waliokuwa bado. Mwisho ukawa Januari 20, 2020.

Mwaka huohuo kanuni za usajili ziliweka kikomo: mtu binafsi laini moja kwa kila mtandao, kwa kupiga, meseji na intaneti. Akitaka ya ziada, aombe.

Kikomo hicho kinahesabu namba za NIDA, hakimwoni aliyeshika simu. Na machimboni NIDA ndiyo shida. Katoro, Nyarugusu au Mwakitolyo kule Shinyanga, watu wanahama kufuata rashi. Mtu katoka mkoa mwingine, kitambulisho hana, lakini bila laini hapokei hela wala haitumi nyumbani. Hapo laini yenye jina la mwingine inapata mteja. Wengi wa wanunuzi hao si matapeli, wana shida tu.

Tapeli naye ananunua palepale.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Unasajili laini, wakala anakwambia kidole hakijasoma, weka tena. Kumbe cha kwanza kilisoma vizuri. Kwa kuwa kikomo ni cha kila mtandao, anakusajilia mtandao ambao wewe hutumii. Kwenye mfumo hesabu iko safi: laini moja hapa, moja kule. Siku ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ikifuatiliwa, jina linalotokea ni lako.

Uhakiki uliofungwa Februari 13, 2023 ulilenga kuzima laini zisizohakikiwa. Iliyopita kwa kidole halali cha mtu mwingine ni ngumu zaidi kuinasa, maana taarifa zake ni za kweli. Kumbana mteja peke yake hakutoshi basi. Wakala ndiye mwenye mashine mkononi. Ingesaidia kama kila NIDA yako inapotumika, meseji ingekuja kwenye laini zako za zamani, za mitandao yote.

Kwa sasa, piga *106# uone namba zilizo chini ya NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukaifute, siyo kwa wakala wa mwamvuli. Meseji ya kitapeli itume 15040.