Sanaa Kali ya Kwale Iko Chini ya Tope

Watu wakiniuliza sanaa ya kupigia kontenti huku South Coast iko wapi, wanategemea nitaje zile picha za barabarani Diani: twiga, Mmaasai, jua linazama, bei ya mzungu. Mimi huwaambia hivi. Panda matatu ya Msambweni, shuka Gazi, uliza daraja la akina mama.

Ni njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na wenye kuisimamia ni wanawake wa pale kijijini. Unalipa kiingilio, unatembea. Hakuna kibao kinachosema "hii ni sanaa", na hilo ndo linaniuma. Manake ukiangalia vizuri, lile daraja linafanya kazi ileile ambayo wenzetu ng'ambo wanaifungulia maonyesho makubwa: linakuonyesha upande wa mmea ambao mmea wenyewe umeuficha.

Mwaka 2015, bustani ya mimea ya taifa la Marekani kule Washington ilifanya maonyesho ya mizizi tu. Si maua, si majani. Mwanasayansi Jerry Glover alikuwa ameotesha nyasi za mbugani kwenye mabomba marefu, akaosha udongo wote mpaka mizizi ikabaki uchi, halafu Jim Richardson akaipiga picha. Nyasi fupi tu, lakini huko chini mizizi inashuka kupita urefu wa mtu mzima. Watu walisimama mbele yake wakishangaa kwamba muda wote wamekuwa wakikanyaga kitu kikubwa hivo.

Gazi kazi ya kuosha anafanya bahari. Mara mbili kwa siku, bure.

Nenda maji yakipwa, hasa bamvua. Mkoko wenyewe (huo tunaouita mkoko kabisa, si jina la jumla la miti yote ile) unasimama kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mchu ni mwengine: mizizi yake inalala chini ya tope, inasafiri mbali na shina, halafu inachomoza vijiti kama penseli, mamia, vyote vikitazama juu. Vile si miche. Ni pua. Lile tope halina hewa, kwa hivyo mti unapumulia nje. Ukilijua hilo hutavikanyaga tena ukitafuta engo ya selfi.

Sasa sikiliza hapa. Tope lisilo na hewa linafanya mizizi na majani yaliyokufa yasioze haraka. Yanabaki humo, miaka na miaka, na kaboni yake. Ndiyo maana kaboni nyingi ya msitu wa mikoko haiko kwenye mti unaouona, iko chini ya miguu yako. Na ndiyo hiyo Gazi na Makongeni wanayoitilia hesabu kupitia Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013 kwenye hekta 117 za mikoko, ukashinda Equator Prize 2017. Pesa zimeingia kwenye maji ya kijiji na vitabu vya shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakafuata na wa kwao.

Najua wapo wanaosema hiyo ni kuuza hewa, kwamba mzungu anachafua kwake kisha analipa kidogo huku kwetu aonekane msafi. Hoja hiyo siitupi, na bei inapangwa mbali na Gazi. Lakini ngumu zaidi, kwangu mimi, ni kwamba kijana wa Ukunda hawezi hata kubishana kuhusu hiyo bei kwa sababu hajawahi kuona kinachouzwa. Kiko topeni. Unaambiwa tani, tani, tani. Tani ya nini? Iko wapi?

Hapo ndipo sanaa inaingia, na ndipo Diani inaniudhi kuliko Gazi. Gazi angalau kuna daraja. Diani tuna nyasi bahari kuanzia ufuoni hadi kwenye mwamba, na tunaziita uchafu. Alfajiri utaona reki zinakusanya zile zilizotupwa na mawimbi, manake mgeni amelipia mchanga mweupe. Wengine wanaziita mwani. Si mwani! Mwani ni ule akina mama wa Kibuyuni wanaufunga kwenye kamba. Nyasi bahari ni mmea kamili, ina mizizi, ina shina linalotambaa chini ya mchanga, inatoa maua chini ya maji. Tasi unayemla na ugali amekulia humo, pono pia. Kasa anazila. Nguva naye anaishi kwa hizo, na nguva Kenya hii wamebaki wa kuhesabu. Juya likiburutwa chini, kinachong'oka ni lile shina la chini ambalo hakuna aliyeliona, kwa hivyo hakuna anayelilia.

Mtaniambia sanaa haijawahi kujaza dema samaki. Sawa. Ila mnaikumbuka Flipflopi? Dau lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa ndara kama 30,000, likasafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Hotuba za plastiki tulizisikia miaka mingi tukapiga miayo. Lile dau watoto walilikimbilia wenyewe.

Ninachotaka mimi si kikubwa. Njia moja ya umma ya kushukia bichi Diani, mbavu za chuma zinazosimama wima, na juu yake leso. Leso ndefu, zimechapwa nyasi bahari kwa saizi yake halisi, na mstari wa mchanga katikati: majani juu, shina na mizizi chini. Leso lazima iwe na jina, na jina waandike wavuvi na akina mama wa mwani. Siyo mimi, siyo ofisi ya utalii. Pembeni, kisanduku cha kioo chenye mchanga na mmea mzima uliotupwa na maji. Asing'oe mtu kitu baharini kwa ajili ya picha.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo pendekezo la kurasa arobaini msinitegemee. Simu ninayo, na marafiki wa kubeba vyuma ninao. Ambaye hatuna ni mchapaji leso anayekubali oda ndogo, na mtu wa kuchomelea anayejua chuma gani hakiliwi na chumvi kabla ya mwezi kuisha. Kama ni wewe, au ni mjomba wako, inboksi iko wazi. Bamvua ijayo niko Gazi napima mizizi ya mchu kwa futi, nipate saizi ya leso ya pili.