Uso Si Picha

Mlima Suswa, kusini mwa Longonot, una mapango ya lava yenye popo. Ingia humo bila tochi: wewe huoni kitu, lakini wao wanajua ulipo. Popo hutoa mlio usioweza kuusikia, mwangwi unarudi, amekupima. Akishakukwepa, basi, yameisha. Popo hana faili.

Sasa mlio kama huo unafunzwa kutambua nyuso. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, walionyesha EchoPrint: spika ya simu inatoa mlio ambao hausikiki kwa urahisi, maikrofoni inanasa mwangwi kutoka usoni, kamera inasaidia. Picha ya karatasi haiupiti, kwa sababu karatasi haina pua wala mashavu. Kwa simu yangu mwenyewe, sina neno. Wezi wa steji hapa Nakuru na wapate shida.

Shida yangu ni siku mtambo huo utakapotoka mfukoni mwangu uende ukutani kwa mwingine, pale getini ambapo tayari tunaacha vitambulisho kwa soja. Kamera angalau unaiona, unaweza kuiuliza ama kuvuta kofia. Mlio usiosikika utauulizia wapi? Na jibu lao nalijua: "Tulia, hatujapiga picha." Ujanja mtupu. Wanachoweka ni vipimo. Nenosiri likivuja utalibadilisha. Pua je?

Tushaonjeshwa. Mwaka 2023 tulipanga foleni kuwapa Worldcoin macho yetu kwa tokeni za kama shilingi 7,000. Serikali ilipositisha shughuli hiyo Agosti, zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa washajisajili. Mahakama Kuu iliagiza data ifutwe Mei 2025. Na hao walijua wanapimwa! Asiyejua atamshtaki nani?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataja kundi la damu, alama za vidole, DNA, umbo la ndewe, retina na sauti. Uso haujatajwa kwa jina. Wakili atasema orodha hiyo ni mifano tu, uso umo. Sawa, basi uandikwe: yeyote anayeupima uso, kwa mwanga ama kwa mwangwi, aombe kwanza, na ukikataa, mlango ufunguliwe vilevile.

Popo wa Suswa haombi ruhusa kwa sababu haweki kitu. Anayeweka abishe hodi, tena kwa sauti tunayoisikia.