Mastaa Wetu na Essaouira: Mji wa Watu Si Pazia la Studio

Dubai imeshachosha, Istanbul kila mtu kaenda, sasa hivi habari ya mjini ni Morocco. Na wala si Marrakech tena. Ni Essaouira, mji mdogo wa pwani ya Atlantiki wenye ngome za zamani, boti za bluu na shakwe kila kona. Joto la kiangazi limepungua, bei za hoteli zimeshuka kidogo, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba mastaa wetu wanamiminika.

Hakuna ubaya. Mtu akitafuta hela yake, acha aile. Tatizo ni wanachokifanya wakifika.

Chukua mfano wa staa mmoja wa kike, jina kapuni, aliyetua huko na mpiga picha, mtu wa mekapu na shemeji yetu mpya. Siku ya kwanza tu kaposti mbuzi wamesimama juu ya mti, akashangaa maajabu ya Mungu, na wafuasi wake wakamwaga emoji. Ukweli ni huu: mbuzi wa kule wanapanda kweli miti ya argan kufuata matunda, lakini matunda hayo hukomaa wakati wa kiangazi. Kwenye barabara ya kutoka Marrakech wapo mbuzi wanaopandishwa na wenye nao ili watalii wasimame, wapige picha, watoe chochote. Ni biashara ya njaa ya watu na shida ya mnyama. Dada kauza kiini macho kama muujiza.

Ufukweni nako, picha zinaonyesha bahari tulivu, nywele zimelala kama za saluni. Essaouira hiyo hiyo ambayo watu wanasafiri kutoka Ulaya kwenda kucheza michezo ya upepo! Kule upepo unavuma mpaka mchanga unaingia kwenye meno, na maji ya Atlantiki ni ya baridi. Msichana wa Sinza anayedunduliza hela ya tiketi kwa sababu ya picha zile ana haki ya kuambiwa abebe sweta.

Lakini hayo ni madogo. Lililochoma ni ile video ya jioni, ndani ya mji mkongwe. Wanaume weusi wamevaa majoho na kofia zenye kauri, mmoja anapiga gimbri, kinanda cha nyuzi tatu, wengine wanagonganisha vyuma mikononi. Dada yetu kaingia katikati, kakata kiuno, kageuka kwa kamera, kamaliza, kaondoka. Kapsheni ikawashukuru hoteli, mbunifu wa gauni na aliyemsuka nywele. Waliompigia muziki? Hata herufi moja.

Wale si mapambo. Wanaitwa Gnawa. Mizizi yao ni Waafrika waliovushwa Sahara kutoka kusini yake, wengi wao wakiwa watumwa, kwenye misafara ileile iliyobeba dhahabu na chumvi. Bandari ya Essaouira, iliyojengwa upya na Sultani Mohammed ben Abdallah miaka ya 1760, ilinenepa kwa biashara ya aina hiyo. Walichobaki nacho ni ngoma, nyimbo na maombi ya usiku kucha ya kuwaponya watu. Mjini humo wana zawia yao inayoitwa Sidna Bilal, kwa heshima ya Bilal yuleyule, mwadhini wa Mtume aliyekuwa mtumwa, ambaye kila mtoto wa madrasa Kariakoo anamjua. Tamasha lao linafanyika hapo tangu 1998, na mwaka 2019 UNESCO iliuingiza utamaduni wao kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Yaani Mwafrika kasafiri nusu ya bara, kakutana na ndugu zake waliotenganishwa na minyororo, halafu kawatumia kama pazia la studio.

Watetezi wake washaanza: burudani si darasa la historia, mwacheni dada ale bata. Sawa. Lakini mtalii wa Kizungu akimpiga picha mtoto wa Nungwi bila kumuuliza mzazi, nani huwa wa kwanza kuwasha moto mtandaoni? Ni haohao. Mgeni akicheza ngoma ya Kimasai akaipa jina la kipuuzi, wanadai heshima. Heshima haina pasipoti. Ukiidai Zanzibar, ilipe na Essaouira.

Na isitoshe, dada huyu anaishi kwa muziki. Klipu yake ikitumiwa bila jina lake, anaweka tangazo la mwanasheria asubuhi na mapema. Anajua vizuri kabisa jasho la msanii lina thamani gani. Kwa mzee wa gimbri akajifanya hajui.

Hakuna anayeomba insha. Kinachotakiwa ni vitu vitatu tu, na havimalizi hata bando: uliza kabla ya kurekodi, lipa mchezaji kama unavyolipa mpiga picha, andika jina lake chini ya video. Kina mama wanaobanja kokwa za argan kwa mawe, mmoja mmoja, kutwa nzima, nao wana majina. Mvuvi wa boti ya bluu ana jina.

Staa mwenye wafuasi wengi anaweza kumjazia mzee yule wateja kwa mstari mmoja wa maneno. Nafasi ilikuwepo kwenye kapsheni, chini ya jina la aliyemsuka nywele.

Haya, wanaomtetea waje: gauni lina mwenyewe, nywele zina mwenyewe, iweje ngoma ikose mwenyewe?