GESI YAVUKA, MZAZI AKWAMA PWANI



Tangu 2004 gesi ya Songo Songo yapita chini ya bahari kwa bomba hadi Dar es Salaam, ikageuzwa umeme. Haingoji upepo wala maji kujaa. Lakini mama wa kisiwa hicho hicho, uchungu ukimzidi na mtoto akakataa kutoka, hana budi kungoja chombo, kisha gari, ndipo aione hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Twauliza: kipi chenye thamani, gesi au roho mbili?

Twakiri lililo kweli, kwani haki husemwa hata ikimfaa mshindani. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya wazazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Ni hatua kubwa, na wakunga wastahiki shukrani. Lakini hesabu ya taifa zima haimvushi mtu bahari.

Sera ya Afya ya 2007 ilisema mjamzito ahudumiwe bila malipo. Sisi ni wenye duka, twaona. Akina baba hutugongea usiku na karatasi mkononi: mipira ya mikono, wembe, uzi, pamba. Faida hiyo, wallahi, hatuitaki.

Na vipimo je? Kupima shinikizo la damu, mkojo, wingi wa damu na kaswende si kazi ya siku nzima, nako huonyesha khatari ya kifafa cha mimba kabla hakijamwangusha mama. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mjamzito aonwe mara 8. Mara 8, kwa nauli ya nani?

Chombo cha kumvuta mtoto nacho kimehesabiwa katika huduma 7 za msingi za dharura ya uzazi. Mkunga aliyefunzwa aweza kukitumia pasipo kisu.

Wako wasemao uchungu ni fungu la mwanamke, avumilie. Wasemao hivyo khasa ni wanaume. Malkia Victoria wa Uingereza alivuta klorofomu akijifungua mwaka 1853, wala hakuvuliwa taji. Nasi tuliokaa chuoni twakijua kisa cha Bibi Maryamu: uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende, Mola hakumkemea, alimruzuku maji na tende. Ikiwa Mola alimhurumia mwenye uchungu, sisi ni nani tumnyime dawa?

Basi twadai matatu: boti ya wagonjwa yenye nahodha na mafuta wakati wote, vipimo vyote na mkunga aliyefunzwa kisiwani, na dawa ya maumivu kwa kila mzazi aitakaye.

Kila tawi liandike barua kwa Halmashauri, litie sahihi za wake kwa waume, libaki na nakala. Atakayenyamaza leo asije akatushinda kwa kilio matangani.