UKURASA WA FAMILIA: Buibui Anayeruka, Kandambili Ingoje Kwanza

Mwezi huu tuongee kuhusu yule mdudu wa ukutani anayeshtua watu: buibui mrukaji. (Mwalimu wa sayansi atasema si mdudu kwa sababu ana miguu 8. Sawa, mwalimu.) Hapa Juba mtafute asubuhi kwenye ukuta wa udongo ama turubai, pale jua linapoanza kupiga.

Huyu hafumi utando wa kunasia nzi. Anawinda kwa macho kama paka. Ana macho 8, na yale mawili makubwa ya mbele ndiyo yanayokuangalia ukimsogelea. Kabla ya kuruka anabandika uzi nyuma yake, akikosa anabaki ananing'inia.

Sasa sikieni habari ya Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Huko kuna mmoja wa jamii hii, anaitwa Evarcha culicivora, uso mwekundu, urefu kama milimita 5 tu. Mwaka 2005 Robert Jackson na wenzake waliandika kwamba chakula anachokipenda zaidi ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Mwenyewe hawezi kutoboa ngozi ya mtu, kwa hiyo damu anaipata kwa mbu. Tena mbu wa malaria, Anofelesi, anamjua kwa jinsi anavyotua ameinua makalio juu. Mwaka 2011 ikaonekana hata harufu ya soksi iliyovaliwa inamvuta. Soksi, jamani!

Lakini tusidanganyane, mbu ni wengi mno kwake. Chandarua kibaki palepale, na mtoto akipata homa apelekwe kliniki siku hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba buibui mrukaji aliye ukutani anawinda, mwacheni.

Rangi zake kwa macho matupu hazionekani vizuri. Simu yenye kamera inatosha, ila ukiisogeza karibu sana picha inakuwa ukungu. Mwombe fundi mwenye deki ya DVD iliyokufa akutolee kile kilenzi kidogo kinachosoma diski, ukibandike kwa selotepu mbele ya kamera. Utalazimika kusogea karibu kabisa. Halafu usibonyeze-bonyeze kioo. Sogeza simu mbele na nyuma polepole mpaka macho yake yang'ae, ndipo upige. Mikono ikitetemeka, egemeza kiwiko ukutani. Piga 20, moja itatoka safi. Asubuhi kukiwa na baridi hana haraka.

Watoto wasiingize mikono kwenye kuni ama mashimo kumtafuta, humo kuna nge. Na yule anayelia akiona buibui msimlazimishe kumshika. Mwonyesheni picha kwanza, ule uso wenye manyoya na macho kama taa za gari. Wengine wanacheka, halafu wanaomba simu.

Mwezi ujao: kuhifadhi maji ya mtungi.